Buldogi akiburuta miguu ya nyuma, usingoje Jumatatu

Ni Jumamosi asubuhi. Familia inayofanya kazi Nairobi imefika nyumbani Ruiri, katika kaunti ya Meru, kuwajulia hali wazazi na kutazama shamba. Mbwa wao, buldogi waliyemnunua jijini na kumleta huku alinde boma, huwa wa kwanza kulilaki gari langoni. Leo haonekani. Wanamkuta nyuma ya ghala. Amejiinua kwa miguu ya mbele, lakini miguu ya nyuma imelala chini kama gunia. Anapojaribu kuwajia anaiburuta mchangani.

Hapo mabishano huanza. Baba anasema mbwa amepigwa rungu na wezi. Jirani anasema amekula sumu. Shangazi anawafukuza watoto, akisema hicho ni kichaa. Kijana wa boma anashauri apewe Panadol mbili apunguze maumivu. Babu anasema mbwa wa namna hiyo hana kazi tena, heri amalizwe. Mwishowe wanakubaliana wangoje hadi Jumatatu, daktari wa mifugo apatikane sokoni.

Mfano huu tumeutunga, lakini mambo yaliyomo si mageni kwa wafugaji wa mbwa. Baba, jirani na shangazi huenda kila mmoja wao akawa amesema kweli, kwa sababu miguu ya nyuma hulegea kwa sababu nyingi. Makosa yaliyo wazi ni mawili: ile Panadol, na kule kungoja Jumatatu. Leo tutaeleza kwa nini buldogi hupatwa na udhaifu huu, jinsi ya kuutambua, na la kufanya kabla ya kumfikia daktari.

Mgongo hufanya kazi gani?

Uti wa mgongo wa mbwa umeundwa kwa mifupa midogo iitwayo pingili. Shingoni kuna pingili 7, kifuani 13, kiunoni 7, kisha 3 zilizoungana kwenye nyonga, na baada ya hapo pingili za mkia. Katikati ya pingili hupita ugwe mgongo, yaani ile kamba laini ya neva inayopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso.

Baina ya pingili moja na nyingine kuna diski. Kazi yake ni kama ya mpira unaowekwa kati ya vyuma viwili ili visisagane. Ndani ni laini, nje imezungushiwa tabaka gumu.

Ugwe mgongo hauna nafasi kubwa ndani ya mfupa. Kitu chochote kikiukandamiza, kiwe diski iliyopasuka, mfupa uliopinda, uvimbe au damu, amri za ubongo hukatika njiani. Kwa kuwa mara nyingi shida hutokea kifuani au kiunoni, miguu ya mbele huendelea kufanya kazi na ya nyuma hulegea. Ndiyo sababu mbwa huweza kuwa na macho maangavu, akala na kubweka, lakini asiweze kusimama.

Kwa nini buldogi hasa?

Buldogi wa Kiingereza alifugwa zamani kwa ajili ya mchezo wa kuwachokoza mafahali, uliopigwa marufuku Uingereza mwaka wa 1835. Baada ya hapo wafugaji waliendelea kumchagua kwa sura: pua fupi, kifua kipana, mwili mzito na mkia mfupi uliojipinda. Kila kizazi waliochaguliwa kuzaa walikuwa wale wenye sura hiyo iliyozidi. Buldogi wa Kifaransa, ambaye ni mdogo na ana masikio yaliyosimama kama ya popo, alitokana na buldogi wadogo wa Kiingereza katika karne ya 19.

Mkia ule unaowapendeza watu ndio unaotupa habari za mgongo. Mkia wa buldogi umejipinda kwa sababu pingili zake hazikukua sawasawa. Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza kwamba kasoro moja ya jeni inahusika na mkia huo, na kwamba imeenea mno miongoni mwa buldogi wa Kiingereza, wa Kifaransa na aina ya Boston terrier. Kasoro hiyo haiishii mkiani. Huhusishwa pia na pingili za juu zaidi, hasa za kifuani, ambazo hukua nusu tu, zikawa na umbo la kabari badala ya kuwa mraba. Pingili za kabari zikipangana, mgongo hujikunja au huinuka kama kibyongo.

Lakini msomaji asishtuke. Buldogi wengi wana pingili za namna hii na huishi maisha yao yote bila shida yoyote. Huonekana tu siku wanapopigwa picha ya eksirei kwa sababu nyingine. Shida huja pale mgongo unapojikunja sana hadi ukaubana ugwe, na mara nyingi dalili huanza mbwa akiwa bado mchanga. Mtoto wa mbwa anayeyumba nyuma kama mlevi, na hali ikazidi wiki baada ya wiki, asiachwe kwa kusema kwamba atakua aache.

Buldogi wa Kifaransa ana tatizo la pili. Diski zake huzeeka mapema. Ile sehemu laini ya ndani hukauka na kuwa ngumu kama chokaa akiwa bado kijana, kisha siku moja tabaka la nje hupasuka na kile kigumu kikarushwa juu kwenye ugwe. Huenda aliruka tu kutoka kitini, au hakufanya lolote. Jioni alikuwa akicheza, asubuhi hawezi kuinuka. Ndiyo sababu watu hudhani amerogwa au amepigwa usiku.

Si kila kuchechemea ni mgongo

Buldogi ana udhaifu mwingine wa miguu ambao haukutoka mgongoni. Wa kwanza ni wa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri katika kikombe chake, kiungo hulegea na baadaye hupata baridi yabisi. Takwimu za shirika la OFA la Marekani, ambalo huchunguza picha za nyonga za mbwa, zimekuwa zikimweka buldogi miongoni mwa aina zinazoathirika zaidi. Wa pili ni wa goti, ambapo pia ya goti huteleza ikatoka mahali pake na mbwa akaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu.

Mwenye mbwa anaweza kupata fununu ya tofauti hiyo. Mbwa mwenye maumivu ya nyonga au goti huchechemea, huona taabu kuinuka asubuhi, lakini hukanyaga kwa wayo kama kawaida. Mwenye shida ya neva huyumba, huvuka miguu, na hukanyaga kwa mgongo wa wayo. Tazama kucha zake za nyuma. Zikiwa zimesagika kwa juu, amekuwa akiziburuta kwa siku kadhaa bila wewe kujua.

Iko njia nyepesi ya kupima. Mbwa akiwa amesimama huku umemshika tumbo, ugeuze wayo mmoja wa nyuma ili aukanyage kwa juu. Mbwa mzima ataurudisha mara moja. Akiuacha vivyo hivyo, habari haifiki ubongoni, na hilo ni jambo la daktari siku hiyo hiyo.

Lakini usimpime hivyo kabla ya kujiuliza swali linalofuata.

Je, huenda ni kichaa cha mbwa?

Shangazi wa mfano wetu hakukosea kuwaondoa watoto. Wengi hudhani mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali, akimbie hovyo na kuuma kila kitu. Iko aina nyingine ya ugonjwa huo ambayo ni ya kupooza. Mbwa hulegea, mara nyingi akianzia nyuma, taya huanguka, mate humtoka kwa kuwa hawezi kumeza, na sauti yake hubadilika. Watu humhurumia, wakamfungua kinywa wakidhani amekwamwa na mfupa, na hapo ndipo huambukizwa.

Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mpango wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Makadirio yaliyotumika katika mpango huo ni kwamba watu wapatao 2000 hufa nchini kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni jambo lisilotarajiwa.

Kwa hiyo jiulize: mbwa huyu ana cheti cha chanjo ya mwaka huu? Ameumwa na mbwa au mnyama wa mwitu katika miezi iliyopita? Anameza? Anakutambua? Tabia yake imebadilika? Ikiwa hana chanjo na una shaka yoyote, usimguse. Mfungie mahali alipo, weka watu mbali, na umjulishe afisa wa mifugo. Tangu mwaka wa 2013 huduma hizo ziko chini ya serikali za kaunti. Usikubali wazo la babu la kummaliza na kumzika upesi. Daktari akiona ni kichaa ndiye atakayeamua la kufanya, na ubongo wa mnyama unaweza kuhitajika maabara ili kuthibitisha.

Mtu aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupewa sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Sababu nyingine za mazingira yetu

Magonjwa mengine huweza kumlegeza mbwa nyuma. Distempa, ugonjwa wa virusi unaozuilika kwa chanjo, huanza kwa mafua, macho yenye tongo na kuhara, na baadaye huingia kwenye neva. Misuli hurukaruka yenyewe hata mbwa akiwa amelala.

Katika sehemu za ng'ombe wengi na kupe wengi, mbwa hupata homa zinazoenezwa na kupe. Hapo si kwamba amepooza. Amepungukiwa damu na nguvu. Fizi zake huwa nyeupe na mwili mzima ni dhaifu, si nyuma tu.

Upo pia mnyoo ambao wenye mbwa wengi hawajausikia, uitwao Spirocerca lupi, na ambao watafiti waliueleza kwa mbwa wa Kenya tangu zamani. Mbwa huupata kwa kula wale mende wanaobingirisha mavi, au kwa kula matumbo mabichi ya kuku waliokula mende hao. Mnyoo hupita katika mishipa mikubwa ya damu hadi kwenye umio, na huharibu pingili za kifuani zilizo karibu. Mara chache hupotea njia ukaingia kwenye ugwe wenyewe. Buldogi anayezurura shambani hana kinga yake, awe amenunuliwa kwa bei gani.

Mwisho ni ajali. Pikipiki, rungu, au teke la ng'ombe huvunja pingili. Na sumu nayo huja kwa namna yake: mbwa hutetemeka, hutoka mapovu na hukakamaa mwili mzima.

Saa za kwanza ndizo zenye thamani

Madaktari hupanga ukali wa shida ya mgongo kwa hatua tano. Ya kwanza ni maumivu peke yake: mbwa hujikunja, hulia akibebwa, hukataa kupanda ngazi. Ya pili ni kuyumba. Ya tatu, hawezi kusimama lakini bado anaisogeza miguu. Ya nne, haisogezi kabisa lakini anasikia maumivu. Ya tano, hasikii hata kidole kikibanwa kwa nguvu.

Hapa pana jambo linalowadanganya wengi. Ukimbana kidole naye akavuta mguu, haina maana kwamba amesikia. Mguu huweza kujivuta wenyewe hata kama ugwe umekatika juu. Alama ya kusikia ni mbwa kugeuza kichwa, kulia au kutaka kuuma. Kipimo hiki mwachie daktari.

Tofauti ya hatua ya nne na ya tano ni kubwa. Kwa mbwa waliopasuka diski, wengi walio bado na hisia hupona na kutembea wakifanyiwa upasuaji. Waliopoteza hisia, matumaini hushuka hadi karibu nusu, na bila upasuaji ni wachache sana wanaoinuka tena. Na mbwa anaweza kutoka hatua ya pili hadi ya tano kwa usiku mmoja. Familia yetu ya Ruiri ikingoja kutoka Jumamosi hadi Jumatatu, huenda imesubiri mlango ufungwe.

La kufanya, na la kuepuka

Ukishaondoa shaka ya kichaa, fanya hivi:

- Mzuie asitembee wala kujiburuta. Kila anapojisukuma, anaweza kuongeza madhara.
- Mtelezeshe juu ya ubao, mlango wa zamani au blanketi lililokazwa na watu wawili, mgongo ukiwa umenyooka. Usimwinue kwa makwapa miguu ikining'inia.
- Kumbuka hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu. Weka uso wako mbali. Usimfunge kinywa kwa kamba, kwani buldogi hupumua kwa shida hata akiwa mzima.
- Usimkande, usimnyooshe, usimpeleke kwa mvunja mifupa.
- Usimpe dawa ya binadamu. Panadol huharibu ini la mbwa. Brufen na diclofenac humtoboa tumbo na kuumiza figo. Tena zikishaingia mwilini humzuia daktari kutumia dawa nyingine kwa usalama.
- Mpigie daktari simu kabla hujaondoka, umweleze dalili zilianza saa ngapi.

Safiri asubuhi au jioni. Njia ya Ruiri ina jua kali, na buldogi mwenye pua fupi anaweza kufa kwa joto ndani ya gari kabla mgongo haujamuua. Fungua madirisha, mpe maji kidogo kidogo, na usimfungie buti.

Daktari aliye karibu anaweza kumpima, kumpa dawa ya maumivu inayofaa na kuamua kama anahitaji kupelekwa mbali. Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mfupa uliovunjika au wenye umbo la kabari, lakini haionyeshi ugwe wenyewe. Kwa hilo huhitajika mashine kubwa zaidi au dawa ya kuonyesha ugwe. Zahanati ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoko Kabete, ni mojawapo ya mahali ambapo madaktari huwatuma wagonjwa wagumu. Hakikisha anayemtibu mbwa wako amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Asipofanyiwa upasuaji

Upasuaji ni ghali, na si kila mbwa anauhitaji. Mbwa wa hatua ya kwanza na ya pili wengi hupata nafuu kwa dawa na mapumziko. Lakini mapumziko maana yake ni kufungiwa katika nafasi ndogo kwa wiki nne hadi sita, akitolewa kwa kamba kwenda haja tu. Wengi huharibu mambo katika wiki ya pili, mbwa akionekana mchangamfu wakamwachilia.

Aliyepooza anahitaji uuguzi. Alazwe juu ya godoro kavu, ageuzwe upande kila baada ya saa nne ili asipate vidonda, asafishwe, na misuli yake inyooshwe kwa upole jinsi daktari atakavyoonyesha. La muhimu zaidi ni kibofu. Mbwa wengi waliopooza hawawezi kukojoa wenyewe. Mkojo ukitiririka haina maana kwamba kibofu kimeisha. Huenda kimejaa mno hadi kinafurika. Omba ufundishwe kukikamua kwa mkono mara tatu au nne kwa siku. Mbwa wengi huangamizwa na mkojo uliooza, si na mgongo.

Asiyeinuka tena anaweza kuishi vyema kwa kigari cha magurudumu mawili ikiwa hana maumivu na yuko mtu wa kumtunza kila siku. Ikiwa mtunzaji hayuko, na mbwa ana vidonda na mateso, kumlaza kwa sindano ya daktari si ukatili. Lakini uamuzi huo ufanywe baada ya uchunguzi, si kwa hasira ya Jumamosi asubuhi.

Kinga huanza siku ya kununua

Kabla ya kulipa, omba kuwaona wazazi wa mtoto wa mbwa. Watazame wakitembea na kukimbia, si wakiwa wamelala. Muulize muuzaji kama wamepigwa picha za mgongo na nyonga. Cheti cha ukoo, kama kile cha East Africa Kennel Club, hukueleza nasaba. Hakikwambii hali ya mgongo. Kadiri mkia unavyokosekana au kujikunja sana, ndivyo unavyopaswa kuuliza zaidi. Na mbwa aliyewahi kulegea miguu asizalishwe, hata akipona.

Nyumbani, chunga uzito. Buldogi wa Kiingereza dume huwa na kilo 23 hivi na jike 18. Wa Kifaransa hazidi 13. Ugali wa kila jioni na mabaki ya nyama choma huongeza mzigo juu ya mgongo uliokwisha kuwa dhaifu. Mtembeze kwa mkanda wa kifuani, si kwa kumvuta shingo. Usimwache aruke kutoka kwenye pikapu au kitandani. Tandika mkeka penye sakafu ya vigae vinavyoteleza. Mpe chanjo ya kichaa kila mwaka, dawa ya minyoo na ya kupe, na umpikie matumbo ya kuku.

Tena, jiulize kama ndiye mbwa unayemhitaji. Boma la Ruiri lenye jua, mawe na wezi linalindwa vizuri zaidi na mbwa wetu wa kienyeji, mwepesi, mwenye pua ndefu na mgongo ulionyooka. Ukiwa umekwisha kumchukua buldogi, weka nambari ya simu ya daktari wa mifugo mahali ambapo hata anayebaki na mbwa shambani ataiona. Huyo ndiye atakayemkuta nyuma ya ghala.